Tulipima Gari Tupu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo siisahau hadi leo. Nilitoka kijijini kwetu Tuala na mkoba mmoja, bila mpango. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Popote palipofunguliwa injini, nilisimama kutazama. Mtembezi hula miguu yake, nami yangu nilikuwa nimeila hadi magotini. Dereva wa lori la maji akanibeba, akanishusha Kitengela.

Hapo nikamkuta Lemayian, kijana mwenye mwili mkubwa, amelala chini ya gari kuukuu. Kesho yake alikuwa aliendeshe kwenye mashindano ya magari ya vumbini kule Kajiado. Tatizo ni kwamba kila alipokanyaga breki, gari lilivutwa kulia. Jumapili iliyotangulia lilimtupa kwenye ua wa miiba, na mama yake alikuwa pale akiona.

"Breki nimebadilisha, tairi nimebadilisha," akaniambia. "Hii kitu itaniua."

Nikamwambia tupime uzito unaobebwa na kila gurudumu. Nilikuwa nimeona ikifanywa, kwa mizani minne ya gharama. Sisi hatukuwa na hata mmoja. Tukamwendea Mzee Wafula, aliyeketi kando ya barabara na mzani wake, akiwapima wapita njia uzito kwa shilingi chache.

"Huu ni wa watu, si wa magari," akasema. Lakini alikuja nao mwenyewe, maana mzani wake hakumwachia mtu.

Gurudumu lingeuvunja. Kwa hiyo tukalaza ubao mnene, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mzani, gurudumu likakaa katikati, ili mzani ubebe nusu tu. Magurudumu mengine tukayainua kwa vipande vya mbao, tukahakikisha usawa kwa mpira wa maji kama wafanyavyo waashi. Gari ni kama kigoda cha miguu minne, mwanangu. Mguu mmoja ukizidi kidogo tu, huo na ule wa pembe inayouelekea ndio hubeba mzigo, na ile mingine miwili hucheza.

Springi zake zilikuwa na nati pana za kuinua na kushusha. Tukakaza, tukalegeza, tukapima tena na tena. Kufikia adhuhuri magurudumu mawili ya mbele yalibeba sawasawa. Nikajiona fundi wa mafundi.

Lemayian akalijaribu kwenye barabara ya murram, ile ya changarawe. Akakanyaga breki. Likavutwa kulia vilevile, likaenda moja kwa moja kwenye mbuzi waliokuwa wakivuka, likasimama karibu na pembe za wa kwanza. Mchungaji alitutukana kwa Kimaasai mpaka akachoka. Lemayian alibaki ameng'ang'ania usukani, hataki kushuka.

Mzee Wafula akamwonyesha kwa kidole. "Mlipokuwa mkipima, huyu alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshika ubao," nikajibu.

"Na kesho kwa mashindano, atakuwa ameshika ubao?"

Nikageuka kuutazama ubao, naye akaendelea.

"Mwili kama huu, vijana! Fahali mzima mmemsahau nje. Kweli nyani haoni kundule."

Tukaanza upya, Lemayian akiwa kwenye kiti chake.

"Usitikisike," nikamwambia.

"Na nikipumua?"

"Pumua pole pole."

Mzani ukasema yote. Upande wa kulia, alikokaa dereva, ulikuwa mzito kwa mbali. Gurudumu la mbele kushoto, likiwa jepesi, liliteleza mapema, na la kulia likashika peke yake na kuvuta gari. Tukarekebisha springi, tukahamisha betri upande wa kushoto. Safari hii alipokanyaga breki, gari lilisimama limenyooka. Hatukuamini. Akarudia hadi mchungaji akahamisha mbuzi wake kabisa.

Jioni tukafika Kajiado, mji ambao sikuwahi kuukanyaga. Mama yake Lemayian alikuwa langoni kwake.

"Takwenya, yeyo," Lemayian akamsalimu mama yake kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia, huku akimpapasa mabega kama anayehesabu mifupa. Kisha akanigeukia. "Ni wewe umetengeneza hiyo gari?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utalala hapa. Kesho ikimwangusha, niko na mahali pa kukupata."

Nikapewa chai, godoro na blanketi nzito. Malazi mazuri, lakini usingizi haukuja. Kila nilipofumba macho niliona nati ambayo labda sikuikaza. Kesho yake Lemayian alirudi mzima, karibu wa mwisho, mwekundu kwa vumbi. Hapo ndipo mama yake akaniuliza jina langu.

Basi mwanangu, kabla hujapima jambo, keti ndani yake. Iwe kazi, ndoa au safari, usipige hesabu ya kila kitu ukajiacha nje umeshika ubao; uzito wako nao ni uzito. Na ukishika kazi inayobeba uhai wa mwenzako, ifanye kama mtu atakayelala kwa mama wa huyo mwenzako. Mungu akunyooshee njia, breki zako zishike pamoja, na kila jioni upate lango la kufunguliwa.