Jembe Ndani ya Kifuniko

Donat Muhindo alikuwa fundi wa saa mtaani Mapendo. Meza yake ilikaa barazani kwa duka la sabuni, na kitambaa chake cheupe kilifuliwa na mkewe, Charline. Ukimletea saa ya Uswisi, kwanza aliipima kiganjani macho yakiwa yamefumbwa. Kisha aliisikiliza. Mwisho aliifungua mgongo akaangalia vichwa vya skrubu, maana wanaoghushi saa huuremba uso wakasahau mgongo. Ikiwa ya kweli, alichora kwa sindano alama yake ndani ya kifuniko: jembe dogo, kama la kwao Butembo. Ikiwa bandia, aliifunga bila kuikwaruza. Wanunuzi, hata wa ng'ambo ya mpaka, walilitafuta jembe hilo kwanza.

Vita vilipokaribia, watu walioshuka kutoka Kibumba na magodoro kichwani walimletea saa za marehemu wao wapate cha kula. Donat aliwaambia ukweli, hata walipolia.

Mara moja tu alinyamaza. Baba wa jirani yake Kasereka alimletea saa aliyozawadiwa na tajiri wa shamba la kahawa alipoacha kazi. Ilikuwa bandia. Muzee alikuwa mgonjwa, na alivaa koti lake la harusi ili aje mezani tu. Nani angemwambia muzee kama huyo kwamba heshima ya maisha yake ni bati? Donat alibadilisha kioo, akasema, “Uitunze, papa.” Muzee alikufa akiisifu, na Kasereka akairithi pamoja na sifa zake.

Halafu Kasereka akaenda Kalengera kununua maharagi, na wapiganaji wakaifunga barabara nyuma yake. Kila asubuhi mkewe, Kanyere, alipita mezani kuuliza kama kuna aliyesikia lolote.

Alasiri moja gari lisilo na namba lilisimama mbele ya duka. Wakashuka wanaume wawili wenye bunduki. Mkubwa wao aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka saa mezani.

“Muzee, wanasema jicho lako halidanganyiki. Angalia hii.”

Donat hakuhitaji kuipima. Kioo kile alikiweka mwenyewe.

“Mwenyewe ni nani, afande?”

“Tuko naye kule juu. Mutu wa maharagi. Anasema saa hii inatosha kumutoa, ni ya kweli, ya baba yake. Nikamuambia: ikiwa ya kweli, utarudi kwako. Ikiwa unanichezea, tutakupanda na maharagi yako, muote pamoja.”

Mwenzake alicheka. Mama wa sabuni akaingia ndani.

Donat aliifungua taratibu. Skrubu zilikuwa zilezile, butu, zisizong'arishwa.

“Mbona unakawia?”

“Uzee, afande.”

“Uzee gani? Hata mvi hauna!”

“Ni ya kweli,” Donat alisema.

“Basi weka jembe. Bila jembe hakuna anayeinunua.”

Donat alichukua sindano. Alichora mpini, kisha bapa la jembe, hakufanya haraka. Afande alipuliza vumbi la chuma, akatabasamu.

“Mwezi ujao naipeleka Kampala. Kule kuko fundi mwenye mashini ya kupima saa. Akisema vingine, meza yako naijua, papa.”

Kabla ya Jumapili Kasereka alirudi, bila viatu, midomo imepasuka. Alikuja na Kanyere kushukuru, hata kabla ya kuoga.

“Saa ya papa iliniokoa! Wako wapi wale waliosema ni bandia ya Dubai?”

“Keti,” Donat alisema. “Mupeleke mukeo na watoto Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Na wewe uende nao.”

“Kwa nini? Sikutoroka. Nimelipa, tena kwa kitu cha kweli.”

“Haikuwa ya kweli, Kasereka.”

Kasereka alimtazama kana kwamba ametukanwa. “Uliweka jembe. Walinionyesha.”

“Niliweka.”

Kanyere ndiye aliyeelewa kwanza; alishika kanga yake na kuifunga upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda safari.

“Papa alijua?” Kasereka aliuliza.

“Hapana. Alikufa na furaha yake.”

“Na wewe je? Njoo tupande meli pamoja.”

“Wapita njia wanawaambia wale wa bunduki kila kitu. Meza ikiwa tupu, afande atajua leo, atawafuata bandarini. Ikiwa niko hapa, anaamini mpaka saa ipimwe Kampala.”

Waliondoka na meli ya asubuhi, wakibeba vyungu na picha ya muzee. Charline alikataa kwenda nao. “Nani atakufulia kitambaa?” alimwambia mumewe, akaendelea kumenya viazi.

Mwezi ule ukaisha, ukaingia wa safari ya Kampala. Donat aligeuza kiti chake, akawa anafanya kazi mgongo ukutani, uso kwenye barabara inayotoka kaskazini. Watu bado wanamletea saa. Anapima, anasikiliza, anafungua. Gari linapopunguza mwendo mbele ya duka la sabuni, anaweka sindano chini, ananyoosha kitambaa, na kungoja lipite.