Mamba wa Bati Katika Mafiga ya Uda Jenab

"Moto hauwashwi humu ndani!" Uda Jenab alikuwa amekaa mbele ya jiko, kanga kaikusanya mapajani, kama kuku aliyelalia mayai.

"Mama, mke wangu kajifungua tangu alfajiri," Kulup alisema. "Anatetemeka. Mkunga kasema alazwe kando ya moto, na wewe umekaa hapo unalinda majivu!"

"Mpeleke kwa dada yako ng'ambo."

"Mtu aliyezaa leo nimbebe mgongoni kama gunia la mchele, nivuke naye daraja la mianzi?"

"Kwani mgongo wako una kazi gani nyingine?"

Mkunga Itam, aliyekuwa akimfunga mzazi tumbo kwa kitambaa, aligeuka na kucheka cheko lisilo na furaha. "Jenab, nimezalisha mto huu mzima, kutoka vyanzo mpaka mikoko. Jiko baridi nimeliona kwenye nyumba ya msiba tu. Siku arobaini na nne za moto ni haki ya mzazi. Huyu akiingiwa na baridi mifupani, nitawaambia watu ni mamake aliyemnyima."

"Waambie. Tangu lini ulimi wako ukalala?"

Ilikuwa siku ya tisa sasa nyumba hiyo haijatoa moshi. Walikuwa wakila wali uliopoa kutoka kwa dada yake Kulup, na samaki mkavu wa kutafunwa hivyo hivyo. Majirani walipouliza, Uda Jenab alisema ameweka nadhiri. Nadhiri ya nini? Akawaambia kwamba nadhiri yenyewe inawakataza kuuliza. Wakaondoka wakikuna vichwa.

Ukweli ni kwamba mafiga ya jiko lile yalikuwa matatu, lakini mawe yalikuwa mawili.

Watu wa Mto Bidor husema Uda Jenab alizaliwa ndani ya sinia la mbao la kuchekechea mchanga, na mkunga alipommwagia maji, zikabaki chini punje nyeusi za bati, kiganja kizima. Mimi sikuwepo, lakini mgongo wake niliuona, na mgongo ule haukuwa wa mtu aliyezaliwa kitandani. Miaka thelathini alisimama mtoni, maji kiunoni, akizungusha sinia, mchanga unatoka, bati linabaki. Samaki walimzoea hata wakawa wanamkwaruza miguu kumwomba apishe.

Huko machimboni kuna adabu zake. Hufungui mwavuli, huvai viatu, wala huiti kitu kwa jina lake. Nyoka ni mzizi hai. Tembo ni yule mrefu anayejigeuza. Na bati lenyewe ndilo usilitaje kabisa, kwa sababu lina masikio na lina haya. Likisikia jina lake huinuka chini kwa chini kama nyati na kuhamia bonde jingine. Kijana mmoja, Alang Serun, alilitaja kwa mzaha mchana kweupe. Kesho yake shimo lilikuwa na maji matupu. Wakamtoza mbuzi. Jenab akaenda kumcheka, akamcheka siku nzima, na jioni akawa amekubali kuolewa naye. Tangu siku hiyo alimwita Mdomo.

Mdomo ndiye aliyemtengeneza yule mamba. Jenab alipokuwa na mimba, bati alilochekecha mwenyewe, tumbo likielea mbele yake kama boya, halikuuzwa. Mtoto alipozaliwa, akaitwa Kesuma, ndiye huyu mke wa Kulup, baba akaliyeyusha na kulimimina kwenye umbo la mamba, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Kwao mamba wa hivyo hulala na mtoto kwenye susu ili roho yake changa isiruke. Binti akiolewa, humfuata sandukuni. Akizaa, mamba hulala na kichanga siku saba za mwanzo. Kwa hiyo mtoto huanza maisha akiwa ameshikwa na babu yake, hata kama babu ameshakufa.

Na babu alikuwa ameshakufa.

Mlangoni mwa mto Waholanzi walikuwa wamejenga ngome ya magogo. Sultani alikwisha kutia muhuri kwamba bati lote la mto ni lao peke yao, kwa bei waitakayo wao. Wabugisi, wachuuzi wa baharini, walisubiri pwani na chumvi na vitambaa vizuri, wakalipa kwa moyo, lakini kuwafikia ilikuwa mpaka upite chini ya ile mizinga. Kesuma alikuwa na miaka miwili Alang Serun alipojaribu. Walimnyang'anya shehena na mtumbwi. Alirudi kwa miguu kupitia mikoko, siku kumi na moja, akakaa kizingitini pake na hakusema kitu. Jenab alimtania, akamfinya, akamwita Mdomo mbele za watu. Hakujibu. Homa ilimchukua kabla mvua hazijaisha, na mzaha wa mwisho aliowahi kuusema ulikuwa ule wa siku ya kuondoka, kwamba akirudi atamletea mkewe kitambaa kirefu cha kuuzunguka ulimi wa Itam.

Sasa lilikuwa limetoka neno jipya. Waholanzi walilalamika kwamba bati bado linavuja, na mkuu wa mto akaamuru kila nyumba itoe lililomo, jipya na la zamani, hata jogoo na mamba wa bati wanaolala na watoto. Nyumba itakayoficha itapoteza mtumbwi, na mwanamume wake atashushwa ngomeni kubeba mizigo. Megat Darus, mtu wa mkuu, alikuwa akipita na nondo ndefu ya chuma akichoma bustani, matope na paa za makuti. Alichoma hata kaburi la nyati, na watu waliosimama karibu wanasema nyati alilia.

Jenab alimpaka mamba udongo, akamviringisha vizuri, akamkalisha jikoni mahali pa figa la tatu. Nani atatafuta chini ya sufuria? Lakini yeye alijua kuliko wote kwamba bati huyeyuka wali haujatokota. Ndiyo maana hakuwasha moto. Alihesabu kwamba mashua ya mkuu itashuka na bati lililokusanywa mwezi ukiandama, na Kesuma alikuwa na mwezi mzima kabla ya kuzaa. Hesabu ilikuwa nzuri. Mtoto tu ndiye hakuambiwa.

"Mama." Kesuma alikuwa amelala mkekani, kichanga kifuani, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Mama, nimekukosea nini?"

Uda Jenab aliikaza kanga yake mapajani. Alimtazama Itam. "Nenda kachume majani ya tangawizi."

"Ninayo hapa."

"Basi kachume mengine!"

Itam alipoteremka ngazi akinung'unika, Jenab aliweka kiganja juu ya figa la tatu, akamwambia mkwewe kwa sauti ya chini kilichomo. Kulup aliinama akaligusa figa kwa kidole.

"Unajua nani atabeba mizigo ngomeni? Si wewe. Ni mimi!"

"Najua, mwanangu."

"Unajua, ukaniwekea jikoni? Siku tisa nimekula wali baridi nikidhani mama mkwe wangu kachanganyikiwa!"

"Afadhali ungeendelea kudhani."

"Mtoe. Nimpeleke mwenyewe kwa Megat, niseme tulimsahau."

"Ni mali ya mkeo. Na ya huyo aliyezaliwa leo. Walichukua mtumbwi, wakamchukua na baba yake Kesuma. Na mamba huyu pia wamchukue?"

Kutoka nyumba ya jirani ilisikika nondo ikigonga sakafu ya mianzi. Ko. Ko. Kisha sauti za wanawake wakiapa. Ua lilikuwa limejaa watu. Kutoka na kitu cha uzito ule mikononi kulikuwa sawa na kutoka na ngoma, na humu ndani nondo ingemkuta popote isipokuwa jikoni.

"Ni mamba wangu?" Kesuma alijaribu kujiinua. "Nilidhani umeshampeleka. Nililia usiku nikidhani ameshakwenda." Meno yake yalianza kugongana, akashindwa kuendelea. Kichanga nacho kililia, sauti nyembamba, ya mtoto aliyewahi safari yake.

Jenab alimgusa binti yake mguu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mawe ya mtoni alikuwa ameyashika maisha yake yote. Aliinuka, akavuta nazi kavu na kuni, akazipanga upande wa mawe mawili ya kweli, mbali na la tatu kadiri jiko lilivyoruhusu. Akapuliza. Moto ukashika.

"Msogeze hapa," alimwambia Kulup. "Mgongo uelekee moto. Pole pole, si gunia."

Joto likaingia chumbani. Baada ya muda Kesuma aliacha kutetemeka, na kichanga kikapata ziwa. Mkwe na mama mkwe walikaza macho kwenye figa la tatu. Jenab alilimwagia maji. Akalikinga kwa jivu. Udongo ulikauka, ukapasuka ufa mmoja mwembamba, kisha katika ufa likatokea tone jeupe, linang'aa kama jicho.

"Huyo," alisema Uda Jenab. "Mdomo huyo. Alinyamaza miaka kumi na saba, leo ndiyo ameona mjukuu akashindwa."

Kulup alicheka, kicheko kikamgeuka njiani, akafuta uso kwa mkono. "Mama, tufanye nini?"

"Nipe sinia langu. Lile pale ukutani. Na mchanga, tia mchanga wa maji chini."

Alilishika kwa mikono miwili kama alivyolishika maisha yake yote, akalikinga chini ya ufa. Mkia ulitoka kwanza, ukifuka juu ya mchanga, kisha kitu ambacho huenda kilikuwa mguu. Bati aliloliokota punje kwa punje likawa linarudi mahali pale pale lilipotoka, na safari hii halikuwa na umbo la kitu chochote. Mikono yake ilizungusha sinia kidogo bila yeye kuiambia.

"Amebaki kiasi gani?" Kesuma aliuliza, macho yamefumba.

"Kichwa bado. Kichwa kigumu, ni cha baba yako."

"Utamtengeneza tena?"

"Mimi sijui kutengeneza. Najua kuchekecha." Aliinamia zaidi, nywele zake zikanuka moto. "Lakini Kulup atajifunza. Tutachimba umbo kwenye udongo, na huyu mtoto atalala na babu yake hata akiwa amepinda shingo, hata akiwa na sura ya chura, mradi tu—"

Chini ya ngazi mtu alichota maji ya mtungi akanawa miguu, bila haraka. Ngazi ikalia mara tatu. Kitu kirefu cha chuma kikaegemezwa ukutani, na Megat Darus akainamisha kichwa kupita mlangoni, akitabasamu, na mkononi ana kichane cha ndizi cha kumpongeza mzazi.