Siku Niliyofunga Kitenge Kimoja

Ulikuwa ule mwaka nyanya zilipopotea madukani hapa Birmingham, mnaukumbuka, tukala maharage meupe na ndagala wa kukaanga bila rojo, na Mama Solange wa kanisani kwetu akawa anasaga karoti anatia kwenye mchuzi na kutuambia ladha ni ileile (si ileile, nilimwambia mbele ya mchungaji), basi mwaka huohuo, nyanya zilipokwisha kurudi na watu wamesahau njaa ya mchuzi, ndipo mimi, mwanamke wa kwaya, bibi mwenye wajukuu wakubwa, nilisimama katikati ya uwanja mbele ya Wazungu na Waafrika na mbwa wao nikiwa nimevaa suruali ya kubana ya mjukuu wangu. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa. Video najua mmeiona, ila video inaanzia pale kitenge kinapoanguka, na mimi nataka mjue kilivyofika huko.

Chini ya fleti yetu, pale Hockley, anakaa Mmarekani mmoja, Mzee Harlan, amepita miaka tisini, mrefu hata akiwa amekaa. Mimi na yeye tunaelewana kwa Kiingereza changu cha dukani, na kile kisichotosha tunamalizia kwa mikono na sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu. Huyu mzee alikuwa mchezaji wa mpira wa kwao, si huu wa miguu tunaoujua, ule wa kuvaa kofia ngumu kichwani na kugongana kama mbuzi dume, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama kiazi kitamu. Wakati mama yangu ananibeba mgongoni kule Uvira, Kongo, yeye tayari anabeba mpira huo na watu wazima wanamfukuza wamwangushe. Alianza nao chuoni. Baba yake alikuwa mkulima wa mahindi, na chuo kilimchukua kwa sababu ya miguu, si kwa sababu ya kichwa (anasema mwenyewe, mimi simsengenyi), kisha ikamchukua timu ya kulipwa, wakawa wanasafiri kwa treni wanalala wamekaa, na kofia za siku hizo hazikuwa na vyuma vya mbele, ndiyo maana meno yake ya mbele ni ya kutengenezwa. Msimu ukifungwa anarudi kwao anauza viatu dukani ili ale. Hayo yote alinionyesha juu ya meza yangu kwa viazi mbatata: hiki ni mimi, hiki ni adui, hiki ni yule wa mbele yangu anayenifungulia njia.

Halafu alichukua kiazi chake akakilaza chali. Ndiyo mechi ya mwisho hiyo. Goti lilipinduka, wakamtoa kwa machela kupita uwanja mzima kwenye matope, watu wanampigia makofi na yeye haoni mtu hata mmoja, anaona mawingu tu. Hakucheza tena. Akaoa nesi wa hapa, akaja naye, nesi akafanya kazi ile hospitali kubwa ya upande wa Harborne mpaka alipostaafu na kufariki, na Mzee Harlan akawafundisha vijana wa mji huu mchezo wake hadi ikazaliwa klabu, ambayo sasa mjukuu wangu Baraka anaichezea.

Basi klabu ikasema itampa mzee heshima wakati wa mapumziko ya mechi, aingie hadi katikati apewe fulana yenye namba yake ya zamani. Walitaka kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Akakataa. Akaniambia jikoni kwangu, "Uwanjani nilitoka nimebebwa. Safari hii naingia kwa miguu yangu na natoka kwa miguu yangu." Nami nikamwambia, baba, basi tuanze leo. Tukawa tunafanya mazoezi kwenye korido, mimi mbele yeye nyuma, ananitazama mgongo, maana hivyo ndivyo alivyozoea, akiwa na mtu mbele miguu inakubali, akiwa peke yake goti linaanza kufikiri.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la Birmingham, linaonekana lakini halimpashi mtu joto. Magoti yangu nayo yanauma, na pale juu ya hita nikaona suruali ya Baraka ya mchezo, ya akiba, nyeupe, inang'aa, ina sponji kwenye magoti. Nikajaribu. Jamani, joto. Nikafunga kitenge juu yake, na sasa sikieni vizuri, kwa sababu shida yote imetoka hapa. Mwanamke wa kwetu hafungi kitenge kimoja. Anafunga viwili: cha chini cha kumsitiri, cha juu cha kazi, cha kubebea mtoto, cha kufutia machozi msibani, cha kumtandikia mgeni wa heshima akanyage apite. Maisha yangu yote nimefunga viwili. Ile asubuhi nikajiambia, na suruali hii ndani, cha pili cha nini, nitajaa kama gunia. Nikafunga kimoja, kile kizuri alicholeta Mama Solange alipokwenda kwa dada yake London, akashuka nacho kituo cha basi cha Digbeth amekikumbatia kama mtoto.

Uwanjani tulikaa wamama wa kanisa mstari mmoja, na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mchezo wenyewe. Sikuelewa kitu. Wanainama, wanagongana, wanalala, wanaamka, wanaanza tena. Kitu kimoja tu nilikielewa, au nilidhani nimekielewa. Marefa wanavaa mashati ya milia, na kila mara refa mmoja anachomoa kitambaa cha njano mfukoni anakitupa chini, watu wote wanasimama kumtazama mchezaji mmoja, na refa mkuu anatangaza namba yake kwa kipaza sauti. Nikamuuliza Mama Solange, "Hicho kitambaa cha nini?"

"Si unaona? Wanamtuza," akasema. Huyu amezaliwa Fizi, hajawahi kushindwa kujibu.

Ikaniingia. Kumbe Wazungu nao wanatupia nguo mtu aliyefanya vizuri. Na nani aliyetupiwa zaidi siku ile? Baraka wangu. Anamkumbatia mtu, kitambaa. Anamsukuma mwingine, kitambaa. Kila kikianguka nasimama napiga vigelegele, na wamama wote wananifuata, na kocha wake anageuka kututazama kwa macho ambayo nilidhani ni ya shukrani.

Mapumziko yakafika. Wachezaji wakajipanga, watu wakasimama, na Mzee Harlan akaingia, koti lake la sufu, viatu vimepigwa rangi. Mimi nilitakiwa kubaki nje ya ule mstari mweupe wa chokaa. Akaenda vizuri hatua za mwanzo. Halafu akapunguza. Halafu akasimama, mbele yake majani tu na watu mbali, na hata kutoka pale nilipokaa niliona mguu wa suruali yake unatikisika. Binti mmoja wa klabu, mwenye sanduku la dawa, akaanza kusukuma kile kiti cha magurudumu taratibu kuja kwake.

Mama Solange akanong'ona, "Mtandikieni mzee, atashindwa huyu."

Sikufikiri. Mkono haufikiri, mkono una desturi. Nilivuka mstari mbio, vigelegele mdomoni, nikafika mbele ya mzee, nikachomoa kitenge cha juu kama nilivyochomoa kwenye harusi zote za maisha yangu, nikakitandika miguuni pake. Na hapo upepo wa Birmingham ukanipa habari. Cha juu ndicho kilikuwa cha chini.

Niliangalia mapaja yangu. Meupe, yanang'aa, na mbele kuna kamba zimefungwa msalaba kama kiatu. Watu wakaanza kucheka upande mmoja, kicheko kikazunguka uwanja kikarudi. Baraka, ingawa ni mapumziko na alikuwa ameshavua kofia yake ngumu, niliona anaivaa tena.

Nikasema niinamie kitenge nijifunge, lakini ukiwa na suruali ile kuinama ni kuongeza shida, nikawa bado napima niiname kwa upande gani, na Mama Solange ameshafika. Akaona kiatu cha mzee kinateleza juu ya kitenge, akaona pia matope yanaingia kwenye nguo aliyoileta yeye mwenyewe, akakivuta, akakikunja vizuri pembe kwa pembe, akaondoka nacho. Sikuamini. Nikamwita, "Solange, mimi je?" Akanijibu bila kugeuka, "Mzee kwanza."

Na kisha refa, kijana mwenye sura ya utani, akachomoa kitambaa chake cha njano akakitupa. Hakikuanguka mbali, kilianguka mbele ya vidole vyangu. Nami, mjinga mimi, moyo ukapoa. Nikajiambia, angalau huyu ameona nia yangu. Nikapiga goti kumshukuru, nikampigia na kigelegele kimoja kirefu. Ndiyo sehemu ya video inayorudiwa sana, nimeambiwa.

Watu walicheka mpaka wakalala kwenye viti. Mzee Harlan naye alicheka, lakini kucheka kulimmaliza nguvu, akashika goti, na yule binti mwenye kiti akafika kabisa, akakifunga breki nyuma yake, akamwambia kwa upole kaa kidogo. Kicheko changu chochote kilikauka hapo. Nilijua akikaa, imeisha. Wataingia, watampa fulana yake amekaa, watamsukuma nje, na atakuwa ametolewa tena.

Mzee akakitazama kile kiti. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kamba zile mpaka sponji za magoti.

"Geuka," akasema. "Tembea mbele yangu."

"Mzee, nipe nafasi nikachukue kitenge."

"Ukienda mimi nakaa."

"Lakini ona suruali yenyewe."

"Naiona. Umevaa sare. Twende."

Sasa nyinyi niambieni ningefanya nini. Nikageuka. Nikatembea. Sponji za magoti zinanifanya nitembee kama bata aliyeshiba, suruali inalia kila hatua, mikono sijui niiweke mbele au nyuma, nikaamua mbele, kisha nikakumbuka nyuma ni kubaya zaidi, nikaiacha ining'inie tu. Na nyuma yangu nasikia pumzi za mzee, na viatu vyake kwenye majani, kimoja, kingine, kimoja, kingine. Kwenye korido yetu ukuta uko karibu, unaweza kushika. Pale hakuna ukuta, kuna mimi tu. Kila nikitaka kukimbia nijifiche nasikia kile kiatu, napunguza.

Tukafika katikati. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani, sikujua saa ngapi kimekwisha. Wakampa fulana yake, akaishika kwa mikono miwili, akasoma namba yake kama mtu anayesoma jina la mtoto wake kwenye karatasi ya kliniki. Kisha akasema neno moja, "Nyumbani," nami nikageuka, tukaanza kurudi, na kurudi ndiko kulikuwa kurefu kwa sababu upepo ulikuwa usoni na wamama wote wananitazama kwa mbele. Nilivuka ule mstari. Nikasimama nikageuka. Akauvuka na yeye, mguu mzima kwanza, mbovu baadaye, wote wawili nje. Hapo ndipo akakubali kiti. Akaweka uso kwenye ile fulana mpya. Mimi nikamnyang'anya Mama Solange kitenge changu.

Baraka akatuendesha kurudi mpaka tukakaribia Hockley. Huyu mtoto amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia tu, kukijibu ni kwa shida, na akiona haya ndiyo kabisa.

"Koko," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "ile ya njano ni faulo."

"Faulo nini?"

"Makosa. Mtu akikosea, refa anatupa ile."

Nikahesabu kimoyomoyo. "Na wewe zile zote ulizotupiwa?"

"Makosa, Koko. Zote."

"Kwa hiyo nimekushangilia makosa yako mbele ya kocha."

"Plizi, tusiongee."

"Na ile ya kwangu?"

Akajaribu kujizuia, midomo ikamshinda. "Refa amesema timu yetu ilikuwa na mchezaji mmoja zaidi uwanjani."

Nilicheka mpaka ikabidi asimamishe gari. Na tangu siku ile, binti zangu mnaosoma hapa, hata kwenda kutupa takataka nafunga vitenge viwili, kiangazi au baridi, na suruali za watu naziacha zikauke zilipo. Aibu yangu nimeibeba, ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Mzee ametoka kwa miguu.

Ila watu ukiwapa mkono wanataka bega. Msimu mpya ulipokaribia, kocha alikuja mpaka mlangoni na boksi la keki, anaomba niiongoze timu kuingia uwanjani mechi ya kwanza, nikiwa na ile suruali, wamenishonea na fulana. Nikala keki. Nikamwambia, "Kupika nitapika, vigelegele nitapiga, lakini ule mstari mweupe sivuki tena."

Akashuka ngazi akamleta Mzee Harlan, kwa sababu anajua udhaifu wangu uko wapi. Mzee akasimama pale koridoni kwetu, mkono ukutani, akacheka kwa meno yake ya kutengenezwa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hata kwa ajili yangu?"

"Kupika nitapika, vigelegele nitapiga, lakini ule mstari mweupe sivuki tena."