Neno "Fine" na Ng'ombe wa Haneti

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima vya dada yangu, nikafika kwenye ofisi ya mradi wa mifugo pale Dodoma mjini kabla mlinzi hajafungua lango. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imejaa sokoni, maduka ya watu binafsi yanafunguliwa kila mtaa, na wataalamu wa kigeni wanaingia na miradi yao kwa magari meupe. Wataalamu hao walihitaji wakalimani. Mkalimani, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni mtu anayesimama kati ya wawili wasiojua lugha moja, akayahamisha maneno ya huyu kwenda kwa yule papo hapo, kwa mdomo. Mimi, Mwanaidi, nilikuwa nimesomea kupiga chapa tu. Kiingereza nilikipata shuleni. Kigogo nilikipata dukani kwa baba, maana wateja wake wengi walikuwa wafugaji kutoka vijijini, nami ndiye niliyekuwa nawapimia chumvi.

Meneja wa Mradi alikuwa bwana mrefu, mkavu, aliyesomea ng'ambo. Alinisemesha kwa Kiingereza, nikajibu. Akaniambia nitafsiri maneno ya mlinzi, nikatafsiri.

"Fine," akasema.

Nikajua nimefaulu. Nikavuta kiti, nikakaa. Meneja akainua macho kutoka kwenye faili.

"Mbona umekaa?"

"Umesema vizuri, bwana."

"Nimesema fine. Yaani basi, tumemaliza, nenda kaanze kazi."

Neno hilo Waingereza hulitamka "fain". Shuleni tulifundishwa kwamba ni nzuri, au vizuri, au mzima wa afya, na mwalimu hakusema zaidi. Pale ofisini nilijifunza kwamba Meneja akilisema huku anatabasamu, maana yake amekubali. Akilisema kwa kifupi huku anafunga faili, maana yake ondoka. Akilisema polepole, akiwa ameshika kingo za meza, dereva alikuwa anatoka nje kwenda kupasha injini moto, kwa kuwa kuna mtu atarudishwa kwao siku hiyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Gulwe, kule kwenye reli ya kati, ambako mradi ulikuwa unajenga josho, yaani lile bwawa jembamba la dawa wanamoogeshwa ng'ombe ili kuua kupe. Mhandisi alikuwa mgeni. Fundi Mkuu alikuwa mtu wetu wa Mpwapwa, mchapakazi, ila hakupenda kungoja mkalimani. Mhandisi akamwambia kwamba kwa kupiga lipu anataka mchanga "fine". Mimi bado nashuka garini, Fundi Mkuu keshawageukia vibarua: "Anataka mchanga mzuri. Nendeni mtoni mchague mzuri kweli."

Vibarua wakachagua. Walileta mchanga wa kupendeza, chembe nene zinang'aa, na wengine walikuwa wameuosha. Mhandisi alitaka mchanga laini, uliochekechwa. Aliutazama ule wa mtoni, akaushika, akaniuliza kwa nini wamemletea kokoto. Nikamweleza Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akanijibu kwa utulivu: "Mwanangu, mwambie mchanga mzuri ni huu. Huo anaoutaka yeye ni vumbi." Josho lilijengwa, na lipu yake ilipigwa kwa vumbi.

Kutoka Gulwe nilihamishiwa upande wa Chamwino, nikapewa Mtaalamu wa Malisho. Huyu alikuwa mama mpole aliyependa kuanza kila mkutano kwa kusifu hali ya hewa. Mwaka huo mvua zilikuwa zimegoma, uwele umekauka ukiwa na urefu wa goti. Yeye akasimama mbele ya wazee, akatazama mbingu isiyo na hata wingu, akasema hali ya hewa ni "fine". Kwao jua kali ndilo neema. Nikatafsiri kama kazi ilivyotaka, nikasema mgeni anaisifu hali ya hewa. Wazee nao wakaitazama mbingu. Kisha mmoja akaniuliza kwa heshima kama huyu mama kwao ana shamba.

Lakini yote hayo yalikuwa mchezo. Kazi yenyewe niliikuta Haneti.

Ilikuwa imeingia homa ya mapafu ya ng'ombe. Ng'ombe anakohoa, anakonda, anakufa, na akilala zizi moja na wenzake anawaambukiza. Mradi ulituma Daktari wa Mifugo, kijana wa kigeni mwenye ndevu nyekundu na moyo mzuri, aje kuchanja. Kabla ya kuchanja ilimpasa amtazame kila ng'ombe, amsikilize kifua, amtenge mgonjwa. Wanakijiji walikuwa wamejenga uchochoro wa miti ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja.

Asubuhi ile Mwenyekiti wa Kijiji aliniomba niende kwanza kwa akina mama, niwaeleze habari ya maziwa ya ng'ombe waliochanjwa. Tukakubaliana na Daktari kwamba ataanza kuwatazama ng'ombe, chanjo itangoja nirudi. Kutazama ng'ombe hakuhitaji lugha. Ndivyo tulivyodhani wote.

Wa kwanza kupitisha mifugo alikuwa Mzee Ndahani, mfugaji mwenye kundi kubwa kuliko wote pale. Daktari akamsikiliza ng'ombe wa kwanza, akampiga kofi mgongoni, akasema kwa furaha: "Fine!" Wa pili: "Fine!"

Mzee Ndahani hakuwa na Kiingereza, lakini neno hilo alilijua vizuri. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa ametozwa faini kwa kuchunga kwenye kilima kilichofungwa na serikali, na alikuwa hajaisahau. Akamsogelea Mwenyekiti.

"Anasemaje huyu?"

"Anasema faini," Mwenyekiti akajibu, naye ameshangaa.

"Faini ya nini?"

"Hajasema bado."

Akapita dume la mabaka, fahari ya boma lile. Daktari akalizunguka, akalisifu: "Very fine!" Mwenyekiti alikuwa amefika darasa la saba, akajua "very" ni sana. Akamwambia mzee kwamba kwa hilo dume faini ni kubwa zaidi.

Mwishoni akapita ndama jike mmoja, mbavu nje, anakohoa. Daktari akamsikiliza kwa muda, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Not fine," akasema.

"Huyu je?" mzee akauliza.

"Huyu hana faini."

Niliporudi kutoka kwa akina mama nilikuta uwanja mtupu. Wafugaji wote wameswaga mifugo yao na kuondoka, na Daktari amesimama na sanduku lake la chanjo, hajui kilichotokea. Nami sikujua.

Kesho yake ng'ombe walikuja, tena mapema. Daktari alipowaona akashika kichwa. Kijiji kizima kilikuwa kimeleta vilema, vikongwe na wakohozi. Ndama wa Mzee Ndahani alikuwa mbele kabisa, amefungwa shanga shingoni. Hapakuwa na mzima hata mmoja. Daktari akanigeukia, uso umempauka. "Wamekwisha wote kwa usiku mmoja?"

Akaanza kuandaa ujumbe wa redio kwenda mjini, kwamba ugonjwa umeifagia Haneti nzima. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikamwendea Mzee Ndahani, nikamwamkia, nikamwuliza kwa Kigogo wale wazima wako wapi.

"Wazima wana faini, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wamo porini. Tumewakusanya pamoja, vijana wanawalinda. Usimwambie."

Aliposema wamekusanywa pamoja, niliona hatari. Makundi yote ya kijiji yamechanganywa, na kati yao huenda yumo mgonjwa mmoja asiyejulikana. Nikamwuliza nani kamtoza faini. Akanieleza yote, kofi la mgongoni, dume la mabaka, mpaka ndama. Nilitaka kucheka na kulia, nisijue kipi kitangulie. Nikamweleza kwamba kwa lugha ya yule kijana neno lile ni sifa, alikuwa anasema ng'ombe wako ni wazima.

Mzee akafikiri. "Na dume langu?"

"Alisema ni zima mno, tena la kupendeza."

"Hilo ni kweli," akasema. Akanyanyuka, akawaita vijana kwa mluzi.

Nilipomtafsiria Daktari, alikaa chini mavumbini akacheka mpaka ndevu zikalowa machozi. Kisha akaniomba nimfundishe neno moja la kusema. Nikampa "mzima". Walichanja siku ile mpaka jua linazama, na katika kundi lile la porini wagonjwa walipatikana wachache, wakatengwa kabla hawajamaliza wenzao. Ndama mwenye shanga alikufa. Makundi yakapona. Haneti walimwita Daktari Bwana Faini hadi alipoondoka, naye aliitikia.

Toka hapo, kila nilipomaliza kutafsiri jambo zito, nilimwomba msikilizaji aniambie amesikia nini. Wakuu wengine walilalamika kwamba nawachelewesha. Niliwaacha walalamike.

Nilipostaafu, ofisi iliandaa hafla ndogo Chamwino. Mzee Ndahani alikuja kwa basi kutoka Haneti, mzee sana sasa, akaomba kusema neno. Siku kubwa kama ile hakukubali kuisemea Kiswahili. Akasimama, akaongea Kigogo kirefu, na kwa kuwa hapakuwa na mkalimani mwingine, Mkurugenzi akaniashiria nitafsiri.

Zilikuwa sifa zangu. Nikaona haya. Nikasema kwa kifupi kwamba mzee anashukuru kwa ushirikiano.

Mzee Ndahani akanigeukia, akasema kwa Kiswahili safi mbele ya wakubwa wote: "Mwanangu, mbona umepunguza? Mimi nimesema mengi. Wape yote."

Wakubwa wakangoja. Nikainamisha uso nikawapa yote, moja baada ya jingine: kwamba mimi ni mwerevu, kwamba ninapendeza, kwamba Dodoma nzima haijapata kuzaa mwanamke mwenye masikio kama yangu. Kila nilipotaka kuruka neno, mzee alikohoa.