Mama Sura na Kicheko cha Mlinzi

Saa mbili asubuhi, jua linapenya pazia la chumba kimoja juu ya duka la fundi viatu. Mwanamke amekaa kimya, macho ameyafumba, na brashi aliyoishika haina hata tone la rangi. Ukimwona utadhani amesinzia. Wala! Yuko kazini.

"Nasikiliza kwanza," anasema bila kufumbua macho. "Uso wa mtu haukimbii. Maneno ndiyo yanayokimbia."

Mtaani wanamwita Mama Sura. Huchora picha za watu, na pia ni mwandishi. Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi kati ya hizo, atakujibu kuwa ni kazi moja yenye mikono miwili. Chumba kinanuka mafuta ya kuchanganyia rangi. Chini, nyundo ya fundi inagonga polepole, nayo inabembeleza, jamani. Hata sisi tuliokuja kuhoji tulijikuta tunapiga miayo.

Jina hilo lilitokana na kosa. Enzi hizo alikuwa akiandika hadithi tu, na kuchora ilikuwa ni kujifurahisha. Muuza nyama mmoja akamfuata: "Dada, nataka sura ya marehemu mama yangu." Yeye, kwa vile kichwa chake chote kilikuwa vitabuni, akasikia sura ya kitabu. Akamhoji, akaenda kuandika.

"Nilipompelekea makaratasi akabaki mdomo wazi. 'Dada, mimi nilitaka picha!'" Mama Sura anajifuta machozi ya kicheko. "Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akasema, 'Haya, sasa nichoree huyuhuyu uliyemwandika.'"

Tangu hapo, kila anayemchora humwandikia pia sura yake ya maneno, akaibandika nyuma ya picha. Picha moja ikinunuliwa, kodi ya mwezi imepatikana. Ipo miezi hainunuliwi hata moja, na hapo hushonea majirani vifungo, maisha yakasonga.

Leo, kwenye kiti cha wateja, hajakaa mteja. Yupo dada yake mkubwa, mpishi wa hospitali, mikono kaikunja, uso kaukaza. Hajapanda ngazi hizi tangu walipogombana kwa sababu ya picha ya marehemu baba yao. Amekubali kuchorwa, basi, lakini kuzungumza hajakubali.

"Ndugu yangu ni huyu mmoja tu," Mama Sura alikuwa ametunong'oneza mlangoni. "Leo akiondoka na kinyongo chake, sidhani kama atarudi."

Picha yenyewe imeegemezwa ukutani: mzee aliyevaa sare ya ulinzi, anacheka hadi macho yamepotea.

"Baba hakuwa mtu wa kucheka," dada anatuambia sisi, kana kwamba mdogo wake hayupo. "Huyu kaniletea mgeni, akaniambia ndiye baba."

Tunasubiri moto uwake. Hauwaki.

"Dada," Mama Sura anauliza taratibu, "wewe ungemchoraje?"

Nyundo inagonga chini. Pazia linajaa upepo, linatulia.

"Amelala," dada anasema hatimaye. "Alikuwa analinda usiku, analala mchana. Huyu na watoto wa jirani wanacheza, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwanyamazisha. Akiamka, niko jikoni. Akitoka, bado niko jikoni. Uso wake ninaoujua mimi ni wa mtu aliyelala."

Mama Sura anaweka brashi chini.

Anamsimulia jinsi alivyokuwa akitumwa jioni kumpelekea baba chai kwenye geti la ghala alilokuwa akililinda. Alivyokuwa akichora kwa mkaa kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi: bosi mwenye masikio kama sahani, karani mwenye tumbo la pipa. Baba anakisia ni nani, anacheka hadi anashikilia geti, halafu anafuta ukuta haraka kwa kofia yake kabla wenyewe hawajapita.

"Kwa kofia?" dada anashtuka.

"Kwa kofia."

"Ala! Na mimi naifua ile kofia, masizi hayaishi! Nikawa najiuliza, huyu mzee analinda ghala au anachoma mkaa?"

Anaangua kicheko, na katikati ya safari kicheko kinageuka kilio. Mdogo wake anamshika mkono.

"Nilikuwa na wivu, mdogo wangu. Si na wewe. Na hicho kicheko. Kwa nini mimi sikupewa?"

"Sijui, dada. Wallahi sijui."

Mama Sura anasema sasa anapanga kuibandua sura ya maneno ya baba yao na kuiandika upya, safari hii pamoja na dada yake, maana nusu yake ilikuwa haijulikani. "Mlinzi naye alikuwa na mlinzi wake," anasema, "na mimi sikumwandika."

Dada anainuka, anajitanda khanga, anasimama mbele ya yule mzee anayecheka.

"Hayo maandishi tutayafanya taratibu," anasema. "Picha niletee leo hii nyumbani. Acha na mimi nikae naye akiwa macho."