Nyumba Iliyochorwa kwa Hatua za Mama

Mimi huchora ramani za nyumba, na mimi ni mtu wa hasira. Mambo haya mawili hayakai pamoja vizuri, kwa sababu programu ya kuchorea haijali hasira ya mtu. Unaweza kuitukana kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa Kinubi cha bibi yangu, nayo inakutazama tu, kale kaduara kake kakizunguka. Ofisi yangu ni chumba kimoja hapa Kansanga, nyuma ya duka la mabati na saruji, na wenye duka wamezoea kunisikia nikigombana peke yangu. "Leo imekataa tena?" huniuliza. Imekataa, ndiyo. Nawaambia waniache.

Asubuhi moja aliingia askari polisi aliyebakiza miezi michache kustaafu. Mtu wa kaskazini, mrefu, viatu vinang'aa. Mkewe alikuja nyuma yake ameshika mkono wa koti lake kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa uzi. Mzee akafungua daftari la shule, akaniwekea mezani nyumba aliyoichora mwenyewe kwa kalamu na rula.

Vyumba vitano kwa mstari mmoja. Kila chumba na mlango wake, na kila mlango unatoka nje barazani. Ndani hakuna mlango hata mmoja wa kupita toka chumba hiki kwenda kile.

Nikacheka. "Mzee, hii ni kambi!"

"Mimi nimekaa kambi ya Naguru maisha yangu yote," akasema. "Nyumba si iko hivi?"

Kicheko kikanikauka. Mimi nami nilizaliwa kwenye mstari kama huo, baba yangu akiwa askari. Ukitaka kutoka unapolala kwenda unapokula unapita nje, mvua ikinyesha unafunika sahani kwa kanga. Mtu akiishi hivyo miaka thelathini, akipewa karatasi nyeupe atachora nini kingine?

Kisha akaniambia kilichomleta. "Macho ya mama huyu yanakwisha, binti. Presha ya macho. Daktari anasema yatafunga kidogo kidogo. Kujenga kutachukua muda. Lakini nasikia hiyo mashini yako inaweza kuonyesha mtu nyumba kabla haijajengwa, anatembea mpaka ndani. Basi mwonyeshe nyumba yake mapema, kabla macho hayajafunga."

Mama alikuwa ameketi, ameelekeza uso kwenye kalenda ukutani. Nikaahidi kwamba baada ya wiki moja atatembea ndani ya nyumba yake.

Loo, wiki ile! Faili la kiwanja lilitoka kwa mpima ardhi likiwa kwa futi, programu yangu ikalisoma kwa milimita, kiwanja kizima kikawa kidogo kuliko kiberiti. Nilimlaani mpima ardhi nusu saa. Kumbe programu ilikuwa imeniuliza kipimo gani nataka, nami nikabofya ndiyo bila kusoma. Tangu siku hiyo nawaambia wote wanaojifunza kwangu: ukiulizwa kitu, soma kwanza, jibu baadaye.

Halafu chumba cha kulala kikakataa kuwa chumba. Kuta nne ninaziona kwa macho yangu, lakini sakafu haijai rangi na eneo halihesabiki. Nikafuta, nikachora upya, nikafuta. Mara ya nne nikakuza kona moja mpaka ikajaza skrini, na pale nikaona kuta mbili hazijagusana, zimeachana kwa upana wa unywele. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kompyuta ukuta unao tayari, na usipoziba ufa huna chumba.

Baya kuliko yote lilikuwa lile la kutembea ndani. Nikifika mlangoni tu, kila kitu kinaganda. Kosa langu tena: nilitaka kumfurahisha mama, nikajaza nyumba makochi niliyoyatoa kwenye mtandao, kila mshono umechorwa, na miti, na gari ambalo hawana. Kompyuta yangu ni ya mitumba, masikini, ilikuwa inabeba mzigo wa lori. Nikazima vivuli, nikaficha miti, nikafuta gari, nikabakiza kitanda na meza. Na kila mara kabla ya kujaribu nilisevu kwa jina jipya, maana faili likiharibika unarudi kwenye la jana, si mwanzo kabisa. Nilifika faili la kumi na moja. Hilo nililiita "ya mwisho wallahi". Likafanya kazi.

Wakaja. Nikawaketisha mbele ya skrini, nikashika mausi, tukaingia kwa mlango wa mbele. Sebule, korido, chumba cha kulala chenye jua la asubuhi. Nilikuwa nimeweka korido ndani, mzee amekubali kwa shida baada ya kumkumbusha mvua. Banange, alivyofurahi! Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Mama, tazama! Hapo ni jikoni! Unaona?"

"Naona," mama akasema. "Nzuri sana."

Nikajisikia bingwa. Mzee akatoka kwenda kupokea simu barabarani, na hatua zake zilipopotea mama akanigeukia. Hakunigeukia mimi hasa, aligeukia mahali sauti yangu ilipokuwa.

"Mwanangu, mimi sijaona kitu. Mwanga tu, na wenyewe kidogo. Ni miezi sasa. Yeye hajui."

Nilikaa na mausi mkononi nisijue pa kuiweka. Nikamuuliza inawezekanaje mume asijue, wanalala chumba kimoja. Akacheka.

"Ndiyo hiyo, chumba kimoja. Mimi nakijua kwa mkono. Sufuria iko hapa, mlango uko pale, nikinyoosha mkono napata chumvi. Ni hii nyumba kubwa naogopa. Humo nitashikwa mkono kama mgonjwa."

"Mwambie, Mama. Ni mume wako."

"Nikimwambia ataacha kujenga. Ananijengea macho. Macho yakiwa yameshakwenda, atakaa chini, hatainuka." Akanishika goti. "Hiyo mashini yako inaweza kuniambia ni hatua ngapi toka kitandani mpaka nje? Asubuhi nataka kutoka peke yangu kwa kuku wangu, niote jua. Bila kuita mtu. Hilo tu."

Nilikasirika. Sikujua namkasirikia nani, mama au mzee au hayo macho. Lakini nilisema ndiyo, na kwamba nitanyamaza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Alirudi siku ya pili yake, bodaboda ikamshusha mlangoni, amemwambia mzee anakuja kuchagua rangi za kuta. Nilimtembeza kutoka ukuta wa ofisi mpaka barazani, nikapima kwa futikamba, nikagawanya kwa idadi ya hatua. Hatua yake ilikuwa sentimita arobaini na tano. Nikarudia mara tatu, ikatoka hiyo hiyo, maana alitembea bila haraka na bila kusita.

Programu hizi zina vidoti vya kuongoza mkono unapochora, na ukuta unavutwa kwenye kidoti kilicho karibu. Wachoraji wengi huviacha kama vilivyo. Mimi nikavitenganisha kwa sentimita arobaini na tano, kila kidoti hatua moja ya mama, nikaichora nyumba yote upya juu ya vidoti hivyo. Sasa hakuna ukuta uliosimama kwenye nusu hatua. Kitandani mpaka mlango wa chumba, hatua tano. Mlango wa chumba mpaka choo, tatu, mkono wa kulia. Na korido ikanyooka moja kwa moja, hatua tisa, mpaka mlango wa nyuma unaotoka uani. Kizingiti nilikiondoa. Picha zile za kupendeza nilizifuta zote, na faili likawa jepesi hata mashine yangu ya mitumba ikapumua.

Mama alikuja mara tano au sita. Mimi nasoma ramani, yeye anarudia. Nikimtega, "Uko chooni, jikoni ni wapi?" anajibu kabla sijamaliza, kisha ananicheka kwamba mchoraji mwenyewe anatazama skrini kwanza. Akiondoka nampa vipande viwili vitatu vya rangi apeleke nyumbani. Mzee alinipigia simu siku moja kunisifu, eti mama amechagua njano nzuri. Niliichagua mimi.

Ujenzi ukaanza. Nilienda kwenye msingi, nikapima, hatua zikawa sawasawa. Kuta zilipoanza kupanda nilikuwa na kazi nyingine Mbuya, sikwenda tena. Hapo nilikosea. Ramani ikishafika mikononi mwa fundi, mchoraji asijidanganye kwamba kazi yake imekwisha.

Kuta zilipofika usawa wa linta, pale juu ya milango, mzee akanialika. Mama alikuwa amekuja pia, mara yake ya kwanza tangu msingi. Tuliingia bado hakuna paa, jua linatuangukia. Akaniomba nimfikishe pale kitanda kitakapokuwa, kisha akasema kwa sauti ya kutosha mzee asikie, "Niacheni nitembee nyumba yangu."

Mzee alinivuta pembeni kwenye korido, amejaa siri kama mtoto. "Nimebadilisha kidogo," akaninong'oneza. "Pale mwisho nimemwekea dirisha kubwa, aone bonde lote lile na mafunjo yake. Mlango wa nyuma nimeuhamishia upande wa jikoni. Sikumwambia. Nataka ashtuke."

Nikatazama. Mwisho wa korido, palipokuwa mlango wangu, palikuwa na ukuta wa kufika kiunoni na juu yake uwazi mpana. Upepo wa bondeni ulikuwa unaingia hapo kama kwenye mlango ulioachwa wazi.

Mama alishatoka chumbani. Alitupita bila kugusa ukuta, kichwa juu, midomo inacheza. Upepo ukampiga usoni, na nikaona akitabasamu na kukaza mwendo. Nilipaswa kupiga kelele. Nilifungua mdomo, nikafikiria siri yake, nikawaza labda atasimama, na wakati nawaza hivyo hatua zikaisha.

Goti liligonga tofali. Mikono yote miwili ikaangukia juu ya ukuta, uso wake ukiwa nje kwenye mwanga, na bonde zima mbele yake.

Mzee hakuelewa. Alidhani ameharakia kuona. "Mama!" akasema kwa furaha. "Unaona? Unaona bonde?"

"Naona," akasema. "Nzuri sana."

Lakini mikono yake ilikuwa haijatulia. Mmoja ulipapasa ukuta wa kushoto, mwingine wa kulia, juu, chini, ukarudi tena kulia, pale ambapo kitasa kingekuwa. Sikuweza kuitazama mikono ile. Nikamtazama mzee, naye alikuwa anaitazama. Furaha ilibaki usoni mwake kwa muda kidogo, kisha ikatoka.

Akaenda polepole mpaka nyuma yake. "Tangu lini?" akamuuliza.

Mama akaacha kupapasa. "Kabla ya msingi."

"Na ile siku ya kompyuta?"

"Nilikusikia ulivyofurahi, Baba. Na mimi nikafurahi."

Mzee akainama, akampangusa vumbi la tofali gotini kwa kiganja chake, taratibu, kisha akainuka.

"Mlango ulikuwa hapa?"

"Hatua tisa," mama akasema.

Akamwita fundi, akaweka mkono wake juu ya ukuta ule wa dirisha.

"Bomoa hapa," akamwambia. "Mpaka chini."