Marehemu wa Kwenye Benchi

Dada yangu aliniua mchana kweupe, mimi mwenyewe nikiwa pale pale mezani natafuna.

"Sema baba yako alifariki mwaka ule," alimwambia binti yangu, bila hata kushusha sauti. "Ukasoma kwa uchungu, ndiyo maana ukafeli. Hakuna daktari mwenye roho ngumu kiasi cha kubishana na yatima."

"Shangazi, si baba huyu hapa?"

"Kwani watataka kukagua maiti? Wewe sema!"

Basi niwaeleze. Mimi ni fundi friji. Binti huyo ni kifungua mimba wangu, nyumbani tunamwita Kobe, maana tangu utotoni hakimbii, hata mvua ikimkuta njiani. Wakimcheka, mimi huwajibu: kawia ufike. Tangu ajue kusema alitaka udaktari. Alipoingia chuo cha sayansi, mwaka wa kwanza alianguka vibaya, alama za kuficha chini ya godoro. Haukuwa ugonjwa, haukuwa msiba. Alikuwa anakariri vitu asivyovielewa, na kuuliza akaona haya. Haya hiyo karithi kwangu. Mimi mteja akiniuliza friji yake ina nini, hata kama sijui, nitamtajia kitu.

Likizo ile nilimkuta karakanani, kakaa juu ya kompresa mbovu, analia. Kubembeleza sikujaliwa. Nikamwambia, "Hebu nieleze hicho kilichokushinda."

Akaanza kunieleza moyo unavyosukuma damu. Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo kila akisema neno namkatiza: kwa nini? Inatoka wapi? Inarudije?

"Aah, baba, unachosha!" akafoka. Lakini alipokwama alifungua kitabu, akasoma, akaanza upya. Ukawa ndio utaratibu wetu kila likizo: mimi nabadilisha mpira wa mlango wa friji, yeye ananisomesha figo. Loo, kumbe ujinga wangu ni mali! Nimekaa nao umri wote huu sijui kwamba una kazi.

Mwaka wa pili akapanda kidogo. Wa tatu akapanda zaidi. Tatizo ni kwamba alama hujumlishwa zote, na zile za mwanzo zikawa zinamrudisha chini. Alipoomba chuo cha udaktari mara ya kwanza, hawakumwita hata wamwone sura. Mara ya pili wakamwita kwenye usaili, na wakasema wazi kwamba ya tatu hakuna. Ndiyo maana dada yangu alikuja mbio na kifo changu mkononi.

Asubuhi ya usaili nilimpigia blauzi pasi mwenyewe. Nikamwambia, "Kobe, mwanangu, kama itasaidia, niue tu. Sitaona vibaya."

Sikuwa natania. Ningekufa mara mbili kama ingetakiwa. Yeye alichukua blauzi yake akaenda kuvaa.

Kule chuoni kulikuwa na korido ndefu inayonuka dawa ya sakafu, na benchi la chuma, baridi kama friji iliyopona. Kobe akaitwa, mlango ukafungwa. Nikakaa nimeinamisha kichwa, maana nilishajihesabu marehemu, na nilihofia mtu asije akanitambua kwa pua. Pua yetu haifichiki, mimi na binti yangu tumegawana sawasawa.

Mlango ulipofunguliwa, alitangulia mama mmoja wa makamo mwenye koti jeupe, mkuu wa jopo lile. Kobe alikuwa nyuma yake, macho chini. Yule mama akaja kunisimamia.

"Wewe ndiye baba yake?"

Nikikubali, nimemharibia. Nikikataa, nimemkana mwanangu naye anasikia.

"Mimi... nimemsindikiza tu," nikasema.

Yule mama akaiangalia pua yangu, akaiangalia ya Kobe, akacheka. "Mzee, tangu asubuhi tunatoa pole humu ndani. Kila aliyeingia na alama mbovu amefiwa. Akina baba tumewazika mpaka tumechoka! Huyu tumemuuliza mwaka wa kwanza alipatwa na nini, akasema hakupatwa na kitu. Alikuwa haelewi na anaona haya kuuliza. Akasema aliyemzoesha kuuliza ni baba yake, na yuko nje kwenye benchi. Nikasema huyo lazima nimwone."

"Kwa hiyo amepita?" nikaropoka.

"Hilo mtaletewa majibu," akasema, akarudi ndani.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Amepokelewa, kwa sharti kwamba akianguka somo lolote mwaka wa kwanza, anarudi nyumbani. Dada yangu alipiga vigelegele mtaa mzima ukatoka nje, kisha akadai eti ni ushauri wake. Tumemwacha na ushindi wake, nani amuweze?

Lakini mimi furaha yangu niliimaliza siku ile ile, kwenye lile benchi. Mlango ulipofungwa, Kobe alikaa kando yangu, kanuna.

"Baba, mbona umenikana?"

"Nilikuwa nimeshakufa, mwanangu."

"Nani alikuruhusu?" akaniuliza.

Nikalia palepale koridoni, mtu mzima na ndevu zangu, na watu waliopita wakanipa pole.